Skrini iliyoganda, chipu iliyochakaa: uchambuzi wa kisa cha Tesla Model S na Model X

Ugonjwa ulianza kwa dalili ambazo dereva yeyote angezipuuza. Ramani inachelewa kufunguka. Simu inakataa kushika Bluetooth. Redio ya intaneti inanyamaza katikati ya wimbo. Unagusa skrini, haitikii. Unagusa tena, kimya. Kisha baada ya muda inatekeleza miguso yote kwa mpigo na kukupeleka usikotaka. Baadaye inaanza kujizima na kujiwasha yenyewe gari likiwa barabarani. Mwisho inakuwa nyeusi, na hairudi.

Gari lenyewe liliendelea kwenda. Usukani ulitii, breki zilishika, mota ilivuta, na mwendo ulionekana kwenye dashibodi iliyo mbele ya dereva, kwa sababu kompyuta zinazoendesha gari si ile inayoendesha skrini ya katikati. Ndiyo maana wengi waliichukulia kama kero ya muziki na ramani. Hawakuwa wamepiga hesabu ya vitu vingapi vilihamishwa kutoka kwenye vitufe na kuwekwa nyuma ya kioo kile cha inchi 17. Walikuja kujua walipoingiza gia ya rivasi na kamera ya nyuma isitokee, au ukungu ulipotanda kwenye kioo cha mbele na pasiwe na pa kubonyeza.

Kisa hiki ni cha Marekani, cha magari ya Tesla Model S ya modeli za kuanzia mwaka 2012 na Model X za kuanzia modeli ya 2016, yote yaliyotengenezwa hadi mwanzoni mwa 2018. Kuna visa vingi vya skrini za magari kugoma, ila vingi huishia gereji na havibaki na kumbukumbu yoyote. Hiki kilifika mezani kwa serikali, na mtengenezaji akalazimika kutoa takwimu ambazo kwa kawaida hufungiwa kabatini. Kwa hiyo tunaweza kukifuata kutoka kidole cha dereva hadi kwenye seli ya kumbukumbu iliyochoka, na njiani tukajibu swali ambalo mwenye skrini iliyogoma huwa wa kwanza kuliuliza, na mara nyingi huliuliza mapema mno: nibadilishe kioo?

Mguso unapita wapi

Chini ya kioo cha skrini za aina hii kuna tabaka jembamba linalopitisha umeme, lililogawanywa katika mistari isiyoonekana kwa macho. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme, hivyo kidole kikikaribia, kiasi cha chaji mahali pale hubadilika. Chipu ndogo ya mguso husoma badiliko hilo, hukadiria kidole kiko wapi, na kupeleka habari kwa waya bapa hadi kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoamua kwamba hapo palikuwa na kitufe cha kiyoyozi, inatuma amri kwa kiyoyozi, na kuchora picha mpya kuonyesha kwamba imesikia.

Kuna mahali pengi pa kukwama hapo, na mtu aliyeketi kwenye kiti cha dereva anaona kitu kimoja tu: nimegusa, hakuna kilichotokea. Lakini dalili za kioo kibovu na za kompyuta mgonjwa hazifanani hata kidogo ukizitazama kwa utulivu.

Kama ni tabaka la mguso au waya wake, picha huendelea kuishi. Saa iliyo pembeni ya skrini inakwenda, ramani inasogea na gari, wimbo unabadilika ukibonyeza kitufe cha kwenye usukani, kamera inatokea ukiingiza rivasi. Kidole tu ndicho kisichosikika. Au kinasikika upande mmoja wa kioo, na upande wa pili umekufa kwa mstari ulionyooka. Au skrini inajibonyeza yenyewe bila mtu kuigusa. Glovu nene na matone ya maji huleta dalili hizohizo kwa muda, kwa hiyo futa kioo na uvue glovu kabla hujamlaumu mtu.

Kama ni kompyuta, vyote hukwama pamoja. Saa imesimama. Vitufe vya usukani vinavyopitia kompyuta ileile navyo havijibiwi. Kamera inachelewa au haiji kabisa. Picha inaweza kuwa safi, yenye rangi nzuri, na bado ni picha iliyoganda.

Tofauti hii haihitaji kifaa chochote kuipima, na mimi huona ajabu jinsi watu wanavyoiruka na kukimbilia kuagiza kioo kizima. Kwenye magari ya kisa hiki, dalili zilielekeza kwenye kompyuta tangu mwanzo. Kubadilisha kioo kusingesaidia chochote.

Hatua ya kwanza ya kila mtu ilikuwa kuwasha upya. Kwenye Model S unasimamisha gari, unabonyeza na kushikilia magurudumu mawili madogo ya kwenye usukani hadi skrini iwe nyeusi, kisha unasubiri nembo itokee. Programu ikiwa imekwama tu, hiyo ni dawa kamili. Hapa ilileta nafuu ya siku kadhaa, na nafuu hiyo ndiyo iliyochelewesha utambuzi: mmiliki alirudi nyumbani akiamini tatizo ni programu, akasubiri sasisho lijalo. Skrini ikaganda tena, akawasha upya tena. Muda wa kuwaka ukazidi kurefuka.

Kinachochakaa

Kompyuta ya skrini kwenye magari haya ilikuwa na prosesa (chipu inayopiga mahesabu) ya NVIDIA Tegra 3. Pembeni yake, ikiwa imechomelewa kwenye ubao, ilikaa chipu ya kumbukumbu ya aina ya eMMC yenye ukubwa wa GB 8. Humo ndimo ulimokaa mfumo mzima wa uendeshaji, mipangilio ya mwenye gari, akiba ya ramani na data nyingine, na kitu kimoja ambacho hakuna mmiliki aliyekiomba: kumbukumbu za kila tukio ambalo kompyuta iliona linafaa kuandikwa.

Kumbukumbu ya aina hii huhifadhi data kwa kunasa elektroni nyuma ya utando mwembamba wa kuhami umeme. Kuandika ni kuzisukuma elektroni zipenye utando kwa volti kubwa. Kufuta ni kuzitoa kwa nguvu hiyohiyo. Kila mara utando unaumia kidogo. Ni sawa na daftari la penseli linaloandikwa na kufutwa ukurasa uleule: maandishi yanaondoka, ila karatasi inazidi kuwa nyembamba hadi inatoboka. Kusoma peke yake hakuleti uchakavu wa namna hiyo. Kinachoua ni kuandika na kufuta.

Ndani ya chipu kuna kidhibiti kinachojua hilo. Hugawa kazi ili mafungu yote ya seli yachakae kwa usawa, na huwa na akiba ya mafungu ya kuziba nafasi ya yaliyokufa. Akiba inapoisha, kidhibiti hakiwezi tena kulinda mpangilio wa mafaili. Faili moja la mfumo linasomeka nusu, kompyuta inasubiri jibu lisilokuja, inajiwasha upya kwa matumaini, inakuta faili lilelile. Dereva anaona skrini iliyoganda.

Sasa takwimu zenyewe. Kwa maelezo ambayo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliyapata kutoka kwa Tesla, chipu hii ilihimili mizunguko 3,000 ya kuandika na kufuta kwa kila fungu la seli, na katika matumizi ya kawaida ya gari kila fungu lilipitia wastani wa mizunguko 1.4 kwa siku. Gawanya mwenyewe: 3,000 kwa 1.4 ni siku 2,143 hivi, chini kidogo ya miaka sita. NHTSA iliandika miaka mitano hadi sita.

Mizunguko 1.4 inaonekana midogo hadi utakapoigeuza kuwa ujazo. Kuzungusha chipu nzima ya GB 8 mara 1.4 ni karibu GB 11 za kuandikwa kila siku. Mwenye gari hakuwa akipakua filamu. Sehemu ya mzigo huo inatokana na tabia ya kumbukumbu ya aina hii, ambapo kubadilisha kitu kidogo kunaweza kulazimisha kuandika upya fungu kubwa zaidi, hivyo ujazo halisi wa data ni mdogo kuliko huo. Hata hivyo, mafundi huru wa Marekani waliofungua kompyuta hizi na kuzisoma walionyesha hadharani mwaka 2019 kwamba mfumo, uliojengwa juu ya Linux, ulikuwa ukiandika kumbukumbu za matukio bila kupumzika kwenye chipu hiyohiyo iliyobeba uhai wa skrini. Programu nayo ilizidi kunenepa kwa kila sasisho, nafasi tupu ikapungua, na nafasi ikipungua kidhibiti hubaki na uwanja mdogo wa kugawa uchakavu.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Chipu haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye vipimo vyake. Anayeweka chipu ya mizunguko 3,000, kisha akaipa kazi ya kuandika mchana na usiku, tayari ameshapanga siku ya kifo chake. Hata kama hakukusudia, hesabu ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeipiga.

Faili linafunguliwa

Juni 2020 NHTSA ilifungua uchunguzi wa awali, ukigusa Model S za 2012 hadi 2015 zipatazo 63,000. Malalamiko yaliyokuwa yamewafikia wakati huo yalikuwa 11. Nataja idadi hiyo kwa makusudi, maana mwenye gari aliyegandiwa na skrini mara nyingi huamini kuandika malalamiko ni kupoteza muda.

Uchunguzi ulipoanza, mamlaka iliidai Tesla data. Kilichotoka kilikuwa kingine kabisa: malalamiko na ripoti 2,399, madai 7,777 ya kubadilishiwa kompyuta ndani ya waranti, na mengine 4,746 nje ya waranti. Kwa magari ya baadhi ya miezi ya utengenezaji, zaidi ya asilimia 30 yalikuwa yameshabadilishiwa, na kasi ya kuharibika ilipanda baada ya miaka mitatu hadi minne ya matumizi. Novemba 2020 uchunguzi ukapandishwa daraja na kuingiza Model X. Mwezi huohuo Tesla iliongeza waranti maalumu kwa chipu hii ya GB 8, hadi miaka minane au maili 100,000.

Tarehe 13 Januari 2021 NHTSA iliiandikia Tesla barua ikiitaka iyaite magari hayo yarudi kurekebishwa. Nikiambiwa nichague waraka mmoja wa kumsomesha mtu kisa hiki, ningechagua huo. Unaeleza kwamba Tesla yenyewe ilikiri chipu zote za aina hiyo zingekufa, kwa kuwa uwezo wake una kikomo. Unaeleza pia kwamba kampuni ilikuwa na makadirio yake ya ndani: matengenezo kwa wiki yangefika kilele mwanzoni mwa 2022, kisha yangepungua taratibu hadi 2028, wakati karibu kila chipu ingekuwa imebadilishwa. Yaani kampuni ilikuwa na grafu ya vifo vya kifaa ambacho mmiliki hakujua hata kama kipo.

Jambo la pili katika barua hiyo halikuzungumziwa sana, nami naliona zito. Tesla ilikuwa imetuma masasisho kadhaa kwa intaneti ili kupunguza makali, na NHTSA ikasema kwa maoni yake ya awali kwamba masasisho hayo hayakutosha, kwa utaratibu wala kwa maudhui. Kwa utaratibu, kwa sababu sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji atangaze kasoro ya usalama na kuwaarifu wenye magari. Hawezi kuirekebisha kimyakimya usiku gari likiwa limeegeshwa. Kwa maudhui, kwa sababu hakuna sasisho linaloweza kurudisha utando uliotoboka. Sasisho linaweza kupunguza mwandiko wa kesho. Mizunguko iliyokwisha tumika imetumika.

Kilichoifanya kasoro hii kuwa ya usalama ni vitu vitatu. Kamera ya nyuma ilikosekana. Mipangilio ya kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele haikufikika. Na milio ya tahadhari, pamoja na ule mlio wa indiketa, ilinyamaza, kwani sauti zote zilipita kwenye kompyuta ya skrini. Mlio wa indiketa unaweza kuonekana kitu cha kuchekesha mpaka uendeshe gari ambalo halina, usahau taa inawaka, na dereva wa nyuma aamini unakata kona.

Mwanzoni mwa Februari 2021 ikatangazwa kwamba Tesla imekubali. Magari yaliyoitwa yalikuwa 134,951.

Je, kinachochakaa ni kibovu?

Tesla haikukubali kwamba hiyo ni kasoro. Ilisema inayaita magari ili kufunga uchunguzi, na ikatoa hoja ambayo haistahili kudharauliwa: vipuri vingi vya gari huchakaa, na si jambo la kiuchumi, pengine hata kiufundi, kutarajia kumbukumbu ya aina hii idumu maisha yote ya gari.

Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Pedi za breki huisha, matairi huisha, betri ndogo ya volti 12 hufa, na hakuna anayempeleka mtengenezaji mahakamani kwa hilo. Lakini tazama namna vitu hivyo vinavyokufa. Pedi ikikaribia kwisha hulia, au huwasha taa kwenye dashibodi. Tairi unaliona kwa macho. Vyote vina kipindi cha kukaguliwa kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, vinapatikana dukani, na fundi wa kawaida anavibadilisha kwa vifaa vya kawaida. Chipu hii haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilifichwa ndani ya kompyuta iliyo ndani ya dashibodi, imechomelewa kwenye ubao, haikutajwa kwenye ratiba ya huduma, na kwa miaka haikumpa dereva onyo lolote, ingawa kumbukumbu nyingi za aina hii zinaweza kuulizwa zimechakaa kiasi gani na zikajibu. 

Vilevile mwenye pedi za breki ndiye anayezitumia. Akiendesha taratibu zitadumu. Kwenye chipu hii mmiliki hakuwa na namna ya kuendesha taratibu. Mwandiko ulioimaliza uliamuliwa na mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine kwa sehemu kubwa, maana kumbukumbu za matukio ni za mhandisi. Kwa hiyo kama kifaa ni cha kuchakaa, swali la haki ni nani alikuwa anakichakaza. Kwangu mimi hapo hoja ya kampuni inaishiwa pumzi.

Kuna jibu jingine ambalo wengi hulitoa haraka: tatizo ni skrini, turudishe vitufe. Nina huruma na jibu hilo. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, imeamua kuanzia 2026 kuwa gari linalotaka nyota tano liwe na vidhibiti vya kushikika kwa indiketa, taa za hatari, honi, waipa na wito wa dharura. Ni hatua nzuri. Lakini itazame orodha hiyo kisha urudi kwenye kisa chetu: kuondoa ukungu hakumo, kamera haimo. Na kitufe chenyewe kinaweza kupitia kompyuta ileile iliyokufa. Kukibonyeza kutakupa raha ya kidole tu. Kwa kisa hiki ningependa zaidi kuona kazi za lazima zikitenganishwa na kumbukumbu inayoandikwa kila sekunde, kiwe kitufe au kioo.

Dawa na wanaoitoa

Chini ya wito wa 2021, ubao mdogo uliobeba chipu ya GB 8 ulibadilishwa na wenye chipu ya GB 64, bila malipo. Ukubwa mara nane unamaanisha mwandiko uleule unagawanywa kwenye seli mara nane zaidi. Kwa hesabu ya karatasi, miaka karibu sita inakuwa zaidi ya arobaini. Usiichukue hesabu hiyo kama ahadi, kwa kuwa programu inayokua hula nafasi na chipu hazifanani. Lakini hata ikipunguzwa nusu, skrini inaweza kuliacha gari lichakae kwanza.

Kabla ya wito huo kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kompyuta nzima, gharama ambayo mwenye gari lililotoka kwenye waranti aliibeba mwenyewe ingawa kilichokufa ni kipande cha ukubwa wa ukucha. Ya pili ni fundi huru wa elektroniki: anaitoa chipu kwa hewa moto, anasoma kila kinachosomeka, anakinakili kwenye chipu kubwa na imara zaidi, anaichomelea na kurudisha ubao. Walioiweza kazi hiyo walikuwa wakisisitiza jambo moja kwa wateja, njoo kabla haijafa. Chipu inayosuasua bado inatoa data yake, pamoja na vyeti vinavyolitambulisha gari kwenye mtandao wa kampuni. Chipu iliyokufa kabisa huondoka navyo, na kazi ya saa chache inageuka kuwa mashaka.

Ushauri huo unavuka mipaka ya Tesla. Skrini ya gari lolote ikianza kujiwasha upya mara kwa mara na kila safari kuchukua muda mrefu zaidi kuamka, usiendelee kuiwasha upya kwa miezi ukijipa moyo. Andika tarehe na dalili, piga picha ya skrini ilivyoganda, na uipeleke ikiwa ingali inaishi. Usikimbilie kurudisha mipangilio ya kiwandani pia. Kazi hiyo inafuta na kuandika upya kwa wingi, na kama shida ni kumbukumbu iliyochoka, unaiongezea mzigo siku ambayo haiuwezi. Fanya hivyo baada ya fundi kukubali kwamba shida ni programu. Ukiwa barabarani na skrini imekufa, weka kioo cha pembeni vizuri, geuza shingo unaporudi nyuma, na kama kioo cha mbele kimeanza kufunga ukungu, fungua dirisha kidogo na utafute pa kusimama. Usibonyezebonyeze skrini ukiwa kwenye mwendo.

Wala si kila skrini iliyoganda ni chipu iliyochakaa, hata ndani ya kampuni hiyohiyo. Mei 2022 Tesla iliita magari mengine 129,960 ya miundo mipya Marekani, kwa dalili ambayo dereva asingeitofautisha na ya kwanza: skrini nzito, au nyeusi kabisa. Safari hiyo sababu ilikuwa joto. Wakati wa kuchaji kwa kasi, au kuandaa betri kwa chaji hiyo, prosesa ya skrini haikupozwa vya kutosha, ikajipunguza kasi au kujiwasha upya. Sasisho la intaneti lilibadilisha namna ya kuipoza, na gari halikuhitaji kufika gereji. Fundi angeulizwa visa vyote viwili kwa simu, "skrini imekufa", asingekuwa na namna ya kujua kimoja kinataka chuma cha kuchomelea na kingine kinataka intaneti tu. Angehitaji kuuliza gari lina umri gani, lilikuwa likifanya nini lilipoganda, na kama likipoa linarudi.

Magari ya kisa hiki bado yako barabarani na yanauzwa kwa mtu wa pili na wa tatu. Anayenunua Model S au Model X ya kabla ya Machi 2018 aliyoitoa Marekani anaweza kuingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya NHTSA na kuona kama wito wa 2021 bado haujatekelezwa kwa gari hilo. Kisha awashe gari likiwa limelala usiku kucha, ahesabu muda wa skrini kuamka, aingize rivasi mara kadhaa mfululizo, na awashe indiketa huku amezima muziki, asikilize.